Kokoa ya moto siku za baridi na Idd: Angalia kilichomo kikombeni



Msimu wa kipupwe unapoingia, kuanzia Juni hadi Agosti, wakazi wa Njombe, Makete, Mbeya, Lushoto na Arusha hawahitaji kuelezwa baridi ni kitu gani. Hata Dar es Salaam na Unguja, upepo wa kusi huwafanya watu wavute shuka alfajiri. Katika miaka ya 2023 hadi 2025 Idd el Hajj iliangukia humo humo: mwaka 2023 ilikuwa mwishoni mwa Juni, mwaka 2024 katikati ya mwezi huo, na mwaka 2025 mwanzoni mwake, kwa kuwa mwaka wa Hijria ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko ule wa miladia. Ndipo katika nyumba nyingi, watu wakisharudi kuswali Idd, pamoja na pilau na nyama ya udhhiya huandaliwa birika la kinywaji cha moto kwa ajili ya watoto na wageni. Chai ni ya kila siku. Siku ya sikukuu watoto hutaka kokoa.

Kokoa yenyewe haina ubaya wowote, alhamdulillah. Matatizo huja na vile tunavyoichanganya navyo: maziwa ambayo hayakuchemka, sukari isiyo na kipimo, vikolombwezo vya dukani ambavyo hatujui vimetengenezwa na nini, na jiko lililoingizwa chumbani kwa sababu ya baridi. Mambo haya ndiyo tunayotaka kuyaangalia, pamoja na namna ya kuiandaa kokoa nzuri nyumbani.

KOKOA NI NINI?

Ni mbegu za tunda la mti ambao asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hapa Tanzania zao hili hulimwa zaidi wilayani Kyela, mkoani Mbeya, na kwa kiasi fulani Morogoro na Tanga. Sehemu kubwa husafirishwa nje ikiwa mbegu kavu, kisha tunairudisha kwa bei kubwa ikiwa kwenye makopo yenye picha za kupendeza.

Mbegu zikishatolewa kwenye tunda huvundikwa siku kadhaa, halafu huanikwa juani. Wapo wanaouliza kama huko kuvundikwa kunaifanya iwe kileo. La. Ule ute mtamu unaozunguka mbegu huchacha na kutiririka, nazo mbegu hukaushwa na baadaye kukaangwa, na kinachobaki hakilevyi. Unga tunaoujua hupatikana kwa kuzikamua mbegu zilizosagwa ili mafuta yake yapungue, ufundi ulioanzia Uholanzi mwaka 1828 katika familia ya Van Houten. Hata hivyo mafuta hayaishi yote, na ndiyo sababu unga wa kokoa ukitiwa kwenye maziwa baridi huelea juu na kufanya madonge.

Dukani zipo aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni unga halisi wa kokoa, wenye rangi ya kahawia na ladha chungu. Ya pili ni unga wa kinywaji cha chokoleti, ambao tayari una sukari, pengine na maziwa ya unga na vitu vingine. Soma orodha ya viambato iliyo nyuma ya kopo: kinachotajwa kwanza ndicho kilicho kingi kuliko vyote. Ukikuta sukari imetangulia na kokoa ikafuata, basi umenunua sukari iliyotiwa kokoa. Ushauri wetu ni kununua unga halisi. Huenda kopo likaonekana ghali, lakini kijiko kimoja kinatosha kikombe, na utamu unabaki mikononi mwako mwenyewe.

Kwa walio karibu na Kyela wanaoweza kupata mbegu kavu, inawezekana kuitengeneza nyumbani. Zichague na kutupa zenye ukungu, zikaange kwa moto mdogo huku ukizigeuza mpaka zinukie na maganda yaanze kupasuka, kisha zimenye, zitwange na kuzisaga. Utapata rojo zito lenye mafuta, tofauti na unga wa dukani, lakini ladha yake ni ya kweli. Usiruke hatua ya kukaanga, kwa kuwa mbegu hizi zimeanikwa nje na zimepitia mikono mingi.

MAZIWA NDIYO YA KUCHUNGA ZAIDI

Siku za sikukuu mahitaji ya maziwa huongezeka, na wengi hununua kwa wafugaji au kwa wauzaji wa baiskeli wenye madumu. Hakuna ubaya kununua huko, na ni kuwaunga mkono wafugaji wetu. Lakini maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya brusela, ugonjwa unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba, na pia kifua kikuu cha ng'ombe. Mtu akiambukizwa brusela hupata homa inayokuja na kuondoka, hutoka jasho usiku, huumwa viungo na mgongo na kuchoka kusiko na sababu. Dalili hizi hufanana mno na za malaria au homa ya matumbo, kiasi kwamba mgonjwa anaweza kutibiwa ugonjwa mwingine kwa muda mrefu. Na tiba yenyewe ikipatikana si ya siku tatu, huchukua wiki 6 au zaidi za dawa. Mjamzito akiupata anaweza kuharibikiwa na mimba.

Kosa linalofanyika kwenye kokoa ni hili: mtu huyapasha maziwa moto hadi yawe ya kunyweka tu, akatia unga na kukoroga, akaona mvuke unatoka, akaridhika. Mvuke si mchemko. Kosa la pili ni kuondoa sufuria jikoni mara tu povu linapopanda. Povu hupanda kabla maziwa hayajachemka sawasawa. Punguza moto, koroga, uyaache yaendelee kutokota kwa dakika chache. Kama mwenye kuuza aliyaongeza maji, nawe hujui maji hayo yalitoka wapi, mchemko huo huo ndio utakaokulinda.

Maziwa ya pakiti yaliyokwisha kupitishwa kwenye moto kiwandani hayana haja ya mchemko mrefu, ila pakiti ikishafunguliwa iwekwe kwenye jokofu. Asiye na jokofu anunue pakiti ndogo na kuimaliza siku hiyo hiyo. Maziwa ya unga nayo yakorogwe kwa maji yaliyochemka.

Siku ya Idd el Hajj kuna jambo jingine. Jikoni siku hiyo mna nyama mbichi, utumbo, damu na visu. Mkono uliotoka kuosha utumbo ndio huo huo huchukua kijiko cha kokoa. Tenga meza moja au sinia moja kwa ajili ya vinywaji tu, na anayeshughulika navyo asishike nyama. Ikibidi ashike, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20 hivi. Kazi hii ya kokoa wanaweza kupewa vijana wa kiume wa nyumba, wakati akina mama na dada wameelemewa na masufuria ya pilau.

NAMNA YA KUIPIKA

Kwa vikombe 4, chukua maziwa yaliyochemshwa vikombe 3, maji kikombe 1, unga halisi wa kokoa vijiko 4 vya chakula, sukari vijiko 4 vya chai, kijiti kimoja cha mdalasini, punje 4 za iliki zilizopondwa na chumvi kidogo sana, ya kushika kwa ncha za vidole viwili. Chumvi hiyo si ya kuonjeka, bali hupunguza uchungu wa kokoa, ndiyo maana ukiitia hutahitaji sukari nyingi.

Weka maji jikoni pamoja na mdalasini na iliki, yachemke dakika 5. Ukipenda tangawizi, itie hapa kwenye maji, usiitie mbichi kwenye maziwa. Tangawizi mbichi ina kitu kinachokatisha maziwa yakawa kama mtindi, na mchemko wa maji hukiua. Wakati huo, kwenye bakuli, changanya kokoa, sukari na chumvi vikiwa vikavu. Chota vijiko vichache vya maji yale ya moto, mimina humo kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka upate uji mzito unaong'aa usio na madonge. Hiyo ndiyo siri yote ya kokoa. Rudisha uji huo kwenye sufuria, uchemke dakika 2, ndipo umimine maziwa. Koroga kwa mwiko ukigusa chini ya sufuria, maana kokoa huwahi kushika na ikiungua haina dawa. Ikitokota tena, epua na kuchuja.

Wenye asili ya mwambao wanaweza kutumia tui la nazi badala ya nusu ya maziwa. Tui jepesi lichemke na viungo, na tui zito litiwe mwishoni kwa moto mdogo. Inapendeza sana, na mtu ambaye maziwa humsumbua tumbo anaweza kutumia tui tupu.

SUKARI

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilishauri sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu zote mtu anazopata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka hadi asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima wa kawaida asilimia 10 ni kama vijiko 12 vya chai, na asilimia 5 ni kama vijiko 6, kwa siku nzima na kwa kila kitu: chai, soda, juisi, visheti, keki na kokoa. Sasa piga hesabu ya mtoto anayekunywa vikombe 3 vya kokoa ya kopo, kila kimoja kikiwa na vijiko 4, kabla hata soda haijafunguliwa.

Kwa pishi tulilolieleza, kila kikombe kinapata kijiko kimoja cha chai. Waliozoea utamu mwingi watalalamika siku mbili tatu, kisha ulimi utazoea. Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, ambayo wengi huyamimina ili kokoa iwe nzito, karibu nusu ya uzito wake ni sukari. Uzito unaweza kuupata kwa kuacha kokoa itokote zaidi kidogo. Mgonjwa wa kisukari apewe isiyotiwa sukari kabisa, yenye mdalasini na iliki ya kutosha, na akumbuke kuwa maziwa nayo yana sukari yake ya asili. Asali nayo isichukuliwe kuwa ni ruhusa kwake. Asali ni sukari pia, pamoja na baraka zake, na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Tukiwa hapo kwa watoto: aliye chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, na kokoa hii si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Aidha kokoa, kama chai, huzuia mwili kunyonya madini ya chuma kutoka kwenye chakula. Mjamzito na mwenye upungufu wa damu wasiinywe pamoja na mlo wala na vidonge vya kuongeza damu. Waiache saa moja au mbili zipite.

Na wale wanaouza kokoa kama dawa ya shinikizo la damu wanazidisha chumvi. Tafiti zimeonyesha kushuka kidogo sana kwa baadhi ya watu, si kiasi cha mtu kuacha vidonge alivyoandikiwa hospitali.

VIKOLOMBWEZO VYA DUKANI

Ndugu zetu walioko Uingereza, Ulaya na Marekani wanapokuja likizo au kutuma mizigo, siku hizi huleta zile peremende laini nyeupe kama pamba zinazoelea juu ya kikombe, ziitwazo mashmelo. Huyeyuka vizuri na watoto huzipenda. Lakini kinachozifanya ziwe laini mara nyingi ni jelatini, na jelatini nyingi ya nchi hizo hutokana na ngozi ya nguruwe, au na ng'ombe ambaye hatujui alichinjwaje. Kwenye pakiti huandikwa "gelatine". Zipo zilizotengenezwa kwa jelatini ya samaki au ya ng'ombe aliyechinjwa kihalali, nazo huwa na alama ya halali ya taasisi inayojulikana. Usipoiona alama hiyo wala maelezo ya chanzo, ziache. Usione aibu kumwambia mgeni, pengine naye hakujua.

Zipo pia chokoleti za zawadi zilizojazwa pombe ndani, hasa zile za masanduku ya mwisho wa mwaka. Soma viambato kabla hujaziyeyusha kwenye maziwa ya watoto. Arki ya vanila nayo aghalabu hutengenezwa kwa spiriti. Wanazuoni wana maelezo yao kuhusu kiasi kidogo kinachopotea katika chakula, na mwenye shaka amuulize sheikh wake. Lakini ganda la vanila lenyewe, ambalo hulimwa Kagera na Kilimanjaro, halina mjadala: lipasue, lichemshe kwenye maziwa, basi.

BIRIKA LIKIWA KWENYE MKEKA

Wengi wetu hukaa chini sikukuu, tukatandika mkeka au busati, na birika likawekwa katikati. Watoto wanaotambaa nao wamo. Kinywaji cha maziwa chenye nyuzijoto 60 kinaweza kuchoma ngozi ya mtoto kwa kina ndani ya sekunde chache, na kinachotoka jikoni kina moto zaidi ya huo. Birika na chupa ya chai vibaki juu ya meza au kabati, vikombe vimiminwe huko na kuletwa nusu, si kujazwa hadi ukingoni. Usimpakate mtoto huku umeshika kikombe cha moto. Ikitokea ameungua, tia sehemu hiyo chini ya maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, vua nguo iliyolowa kama haijagandia, kisha mpeleke zahanati. Dawa ya meno, unga, yai na mafuta visipakwe.

Kuna mazoea ya kupuliza kikombe cha mtoto ili kipoe. Katika mapokezi ya Ibn Abbas (r.a.) yaliyomo kwa Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amekataza kupumua ndani ya chombo na kukipuliza. Katika msimu huu wa mafua na vikohozi faida yake inaonekana wazi. Kipooze kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe, au subiri. Vilevile Bukhari na Muslim wamepokea kuwa Mtume (s.a.w.) alikunywa maziwa kisha akasukutua kinywa, akaeleza kuwa yana mafuta. Mtoto aliyekunywa kokoa usiku asukutue na kupiga mswaki kabla ya kulala, kwa kuwa mafuta hayo yakichanganyika na sukari hukaa kwenye meno mpaka asubuhi.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ili wakati kokoa inachemka watu nao waote moto. Mkaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi, akilala haamki. Kila kipupwe tunasikia habari za familia zilizokutwa zimekufa pamoja. Jiko liwe nje au mahali penye madirisha wazi, na lizimwe kabisa kabla ya kulala. Mtume (s.a.w.) ameagiza katika hadithi sahihi kwamba tusiache moto ukiwaka majumbani tunapolala, na pia kwamba vyombo vifunikwe usiku.

Kokoa iliyobaki kwenye chupa ya chai isilale humo. Maadamu bado ni ya moto wa kuunguza ulimi ipo salama. Ikiwa vuguvugu, humo ndimo vijidudu huzaliana upesi. Inyweni au muimwage. Chupa ioshwe mara moja kwa maji ya moto, sabuni na brashi ndefu, na kifuniko kifunguliwe vipande vyake, maana maziwa hujificha kwenye mpira wa ndani na ndiyo harufu ile mbaya ya chupa za zamani. Ianikwe ikiwa wazi, kichwa chini.

VIDONGE VYA TENDE NA KOKOA KWA ZAWADI

Kwa wanaotaka kuwapelekea majirani kitu cha Idd, hiki hakihitaji jiko. Chukua tende laini robo kilo, zioshe upesi na kuzikausha kabisa kwa kitambaa safi. Toa kokwa, ziponde kwenye kinu kilichooshwa au zisage. Tia kokoa vijiko 4 vya chakula, mdalasini wa unga kijiko kimoja cha chai, iliki kidogo na chembe ya chumvi. Kanda kwa mkono uliooshwa na kukauka, usitie maji, kwa kuwa maji ndiyo huleta ukungu. Finyanga vidonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, vigaragaze kwenye kokoa au ufuta uliokaangwa.

Kidonge kimoja huwekwa kwenye kikombe, kikamiminiwa maziwa ya moto na kupondwa kwa kijiko. Hakiyeyuki chote, nyama ya tende hubaki chini na huliwa kwa kijiko, na hakuna haja ya sukari nyingine. Kwenye jokofu hukaa wiki moja ndani ya chombo chenye kifuniko, na nje ya jokofu visizidi siku 3. Unapovifunga, andika kwenye karatasi tarehe uliyovitengeneza na kilichomo, ili jirani mwenye kisukari ajue kuwa ni tende, na kama umetia ufuta au karanga, aliye na mzio navyo ajue mapema.

Wabillahi tawfiiq.